Mwatiko wa Meja

Ndugu yangu Sadiq hakuweza kusikia kosa likapita. Alizaliwa hivyo, na mimi Mwanawetu, dada yake mkubwa niliyemlea tangu mama yetu afariki, nilishindwa kumtibu. Kwenye harusi ya binamu yetu Kulthum alimkatiza shehe mbele ya wazee wote, kumwambia kwamba tarehe aliyoitaja ilikuwa imepita juzi. Ilikuwa kweli, shehe alikosea. Lakini nani alimuuliza? Mwaka wa sabini na tatu, kwenye kizuizi cha barabara pale Kyebando, mjini Kampala, tulikokuwa tukikaa, askari mmoja alikishika kitambulisho cha Sadiq juu chini akajifanya anakisoma. Watu wote kwenye foleni waliangalia viatu vyao. Sadiq akanyoosha mkono, akakigeuza. Alirudi nyumbani na jino moja pungufu, na mimi nikimkanda shavu kwa maji ya moto yeye bado ananieleza kwamba picha ilikuwa kichwa chini, asingeweza kuiacha vile.

Nilimwambia nchi hii sasa ina watu wanaopotea kwa kukohoa tu. Akanijibu kwamba hakuna aliyewahi kupotea kwa kukohoa, hao walipotea kwa sababu nyingine. Mnaona sasa nilikuwa naishi na mtu wa namna gani.

Kazi yake ilikuwa kutunza matangi kwenye kituo kidogo cha samaki upande wa Ggaba. Hakuwa msomi, shule aliachia darasa la nane. Kazi alifundishwa na daktari mmoja wa Kihindi, mtu mpole wa miwani minene, ambaye mwaka wa sabini na mbili alipewa siku tisini za kuondoka kama wenzake wote. Aliacha matangi sita, kabati la chupa, na madaftari yaliyojaa mwandiko wa kalamu ya risasi. Mkubwa mpya wa kituo alikuwa akija kusaini tu na kuondoka. Sadiq ndiye aliyebaki na madaftari, akayasoma kama mtu anayehifadhi juzuu.

Mimi nilikuwa nauza samaki mwaloni Ggaba, kando ya ziwa mitumbwi inapotia nanga, pamoja na Akwero, mjane wa Kiacholi tuliyegawana naye meza moja. Jioni nachoka, nanuka, nimehangaika mchana kutwa kutafuta sabuni na kuikosa. Napika. Ndugu yangu anakaa, anavuta sahani, na badala ya kusema bismillahi aanze kula, anaanza homoni. Mji mzima unatafuta sukari, yeye anatafuta homoni.

Nilizisikia mara nyingi hata leo naweza kuwafundisha. Samaki wa baharini, alisema Sadiq, anaogelea katika maji yenye chumvi kushinda damu yake. Kwa hiyo maji yanamtoka mwilini kutwa kucha, naye asipokunywa bahari muda wote atakauka humo humo majini. Anakunywa, kisha chumvi anaitoa nje kwa mashavu yake anayopumulia. Sasa mtie huyo huyo ziwani. Kila kitu kinageuka. Maji yanamwingia bila kubisha hodi, na chumvi ya damu yake inamvuja. Inampasa aache kunywa, azibe mashavu yasivuje, na figo zifanye kazi ya kukojoa maji bila kupumzika. Nani anayeviambia viungo hivyo vyote kwamba mambo yamebadilika? Homoni. Kuna tezi ndogo chini ya ubongo wa samaki, haifiki punje ya uwele, inatuma ujumbe ndani ya damu. Ule wa maji baridi unaitwa prolaktini. Ule wa chumvi unaitwa kotisoli, nao unatoka kwingine. Ujumbe ukifika, shavu linaanza kujijenga upya, na ujenzi unachukua siku. Hapo alikuwa ananyanyua kidole. Siku, dada, si saa.

Nilikuwa namwambia ale, chakula kinapoa. Naye ananisahihisha kwamba bado kina moto.

Basi, mwaka wa sabini na tano, mji wa Kampala ulipakwa rangi kwa ajili ya wageni wakubwa kutoka nchi nyingi. Kuta za barabarani zilipakwa, mashimo yakazibwa. Kila mwenye cheo alitaka kuwaonyesha wageni kitu ambacho mwenzake hana. Meja mmoja, ambaye simtaji jina hata leo, alikuwa amepewa nyumba ya tajiri wa Kihindi kwenye njia ya Ggaba, yenye bwawa la saruji uani. Yeye aliwahi kupelekwa Mombasa kwa shughuli za jeshi, akala samaki, akawapenda. Akaamua kwamba wageni wake wa Jumamosi watasimama kando ya bwawa hilo na kuona samaki wa bahari wakiogelea Kampala.

Akaja kituoni na walinzi wake. Wafanyakazi walipangwa mstari. Akauliza nani hapa Mswahili, na vidole vyote vikamwelekea Sadiq.

Hapa lazima niseme aibu ya ukoo wetu. Babu wa babu yetu alikuja na msafara kutoka pwani, akaoa hapa, akafa hapa, akazikwa Kyebando. Tangu siku hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona bahari. Sadiq hakuwahi kufika mbali kuliko Jinja. Lakini twende harusini, twende msibani, utatusikia: kwetu pwani, kwetu bahari, sisi watu wa nazi. Nazi yenyewe tulikuwa tunaiona dukani Nakivubo, na bei yake ilitutisha. Waganda walituamini, nasi tukazoea kuaminiwa. Ndugu yangu, aliyesahihisha shehe na askari, kosa hilo moja hakuwahi kuligusa.

Meja alimwambia, "Wewe Mswahili, samaki ya bahari ni ndugu yako. Nataka yeye kwa bwawa yangu."

Angejibu tu kwamba bahari haijui, Afande, atafutwe mwingine. Maneno hayo mangapi? Badala yake, mbele ya wafanyakazi wenzake, akasema kwamba samaki wa kwetu wako wa aina nyingi, na wengi watakufa ziwani, ila mwatiko anaweza, kwa sababu hata kule anaingia na kutoka kwenye midomo ya mito. Hilo alilisoma kwenye daftari la daktari. Akaongeza kwamba zitahitajika siku ishirini za kuwazoesha.

Meja akasema wageni wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo, na lori la jeshi litafika na samaki Jumapili. Siku sita. Kisha akasema maji ni maji.

"Si kweli, Afande," Sadiq akasema.

Aliniambia mwenyewe jioni ile, bila haya. Mfanyakazi aliyesimama kando yake alipatwa na kikohozi cha ghafla. Na ndugu yangu akaanza kumweleza Meja habari za figo. Meja alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka, akampiga bega. "Samaki ikikufa," akasema, "wewe utakaa kwa bwawa mahali yake."

Nilikaa chini na mwiko mkononi. Nilimuuliza kwa nini hakusema ukweli kwamba hajawahi kuiona bahari. Akaniangalia kama mimi ndiye mwenye wazimu. Mbele ya watu, dada? Nilitaka kumpiga na mwiko ule, Mungu anisamehe. Watu walikuwa wakiokotwa msituni kwa makosa madogo kuliko hilo, na huyu amekwenda kujifunga mwenyewe kwa ajili ya sifa ya bahari aliyoikuta kwenye hadithi za marehemu bibi.

Yeye alikuwa tayari kwenye hesabu zake. Siku sita hazitoshi kwa samaki kutengeneza prolaktini yake vizuri, alisema, hasa akiwa amechoshwa na safari. Lakini daktari aliandika kwamba tezi ya samaki mmoja ikisagwa na kudungwa kwa mwingine, ujumbe unafika. Ngege, yule sato wa ziwani, amejaa prolaktini maisha yake yote. Kwa hiyo tunahitaji tezi za ngege. Kwa hiyo tunahitaji vichwa. Akaniangalia.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba wiki nzima mimi na Akwero tulipasua vichwa vya ngege mwaloni. Si kuvipasua hivi hivi. Unakata juu ya macho, unafungua fuvu kama kifuniko cha kopo, unanyanyua ubongo taratibu, na chini yake kabisa, kwenye kitundu cha mfupa, kuna kitu cheupe ambacho ukipumua kwa nguvu kimekwenda. Unakichukua kwa ncha ya kisu, unakitia kwenye kichupa kilichowekwa ndani ya barafu. Akwero aliharibu kumi kabla ya kupata cha kwanza. Wateja waliokuja kununua vichwa vya mchuzi walikuta vimefunuliwa, wakauliza tunatafuta nini humo. Akwero aliwajibu kwamba tunatafuta akili, kwa sababu kuna mtu nyumbani kwa Mwanawetu hana.

Jumapili lori likafika na mapipa manane ya maji ya bahari. Dereva, mtu wa Mombasa hasa, alikuwa na macho mekundu. Njia nzima yeye na utingo wake walikuwa wakipokezana pampu ya baiskeli kuwapulizia samaki hewa. Samaki arobaini waliwekwa, thelathini na wanne walifika wazima, weupe wanaong'aa, mkia umegawanyika kama mkasi. Dereva aliposikia kwamba Sadiq ni wa pwani alifurahi, akamuuliza kwao ni mtaa gani. Sadiq akasema kitu ndani ya ndevu. Dereva alipogeuka, nilimwona ndugu yangu akichovya kidole kwenye pipa na kulamba. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Uso wake ulibadilika, akachovya tena, na mimi hasira zote zikanitoka kwa dakika nzima.

Kuanzia hapo alihamia kituoni. Kila asubuhi alitoa sehemu ya maji ya bahari kwenye tangi, akatia ya ziwa kiasi kile kile, akaonja, akaandika. Alizisaga tezi kwenye kinu kidogo, akachanganya na maji yaliyochemshwa, akawadunga samaki mmoja mmoja chini ya pezi, akiwafunika macho kwa kitambaa kibichi wasihangaike. Jumatatu walikuwa wanyonge. Jumanne wakala. Alinitumia ujumbe mwaloni kwamba wamekula, nami nikajikuta namsimulia Akwero kwa furaha, kama mtu anayesema mwana amekata homa. Bado theluthi mbili ya maji ilikuwa bahari. Jumamosi wangekuwa tayari, tena bila wasiwasi mkubwa.

Jumatano Sajini wa Meja akaja na askari wanne na ndoo. Meja anataka kuona samaki wake bwawani leo. Sadiq alimweleza. Alimweleza kwa upole, mfanyakazi mwenzake alinihakikishia, akamwomba siku tatu, mbili, hata moja. Alimchorea shavu la samaki kwa chaki sakafuni. Sajini alilitazama shavu lile kwa muda, na nadhani alielewa kitu, lakini amri ilikuwa amri. "Afande amesema leo," akasema. Wakawachota, wakawapeleka, wakawamwaga kwenye maji ya ziwa matupu.

Alhamisi asubuhi Sadiq alinifuata mwaloni. Hakuwa na rangi. Samaki thelathini na mmoja walikuwa wakielea, watatu wakizunguka kwa ubavu. Nyuma yake alisimama Sajini, mtu mzima mwenye mwili, mwenye hofu kuliko yeye, kwa sababu Meja hakutokea ile Jumatano, alilala mjini na angefika mchana, na aliyewamwaga samaki ni nani?

Nilidhani ndugu yangu amekuja kuaga ili akimbie. Sivyo. Alikuja kuniambia kwamba atamsubiri Meja pale bwawani na kumweleza kosa lilikuwa wapi. Kwamba tangi lilikuwa sawa, na dawa ya tezi ilikuwa sawa, isipokuwa mwili haukupewa muda wa kujenga. Alitaka kumwonyesha daftari.

Nadhani watu wa ng'ambo ya ziwa walinisikia siku ile. Nilimwambia kwamba nimemwosha, nimemlisha, nimemkanda jino, nimepasua vichwa mia tatu vya ngege kwa ajili ya ulimi wake, na kama leo ataufungua ulimi huo mbele ya Meja, basi aanze kwa kunichimbia kaburi mimi. Sajini alisema, "Mama, mimi iko na watoto tano." Akwero ndiye aliyekuwa na akili zake. Aliuliza tu: huyo Meja, samaki wa bahari anamjua akiwa mzima, au alimwona kwenye sahani?

Kwenye sahani, alijibu Sajini.

Ziwani kwetu kuna samaki anaitwa ningu, mweupe, mrefu, mkia umegawanyika. Mtu anayemjua hatamchanganya na mwatiko hata kwa upofu. Akwero alikwenda kwa wavuvi wa mitego ya mtoni, wanaowapata wazima, Sajini akatoa gari la jeshi na mapipa yale yale, na kabla ya saa sita mchana bwawa lilikuwa na ningu thelathini wenye afya, wakiogelea katika maji waliyozaliwa nayo. Mwatiko wale tuliwafukia nyuma ya ua. Sadiq alisimama pembeni wakati wote, daftari kwapani, hakusaidia na hakuzuia. Wale watatu waliokuwa bado wanapumua aliwarudisha kwenye tangi la kituo, wakafa jioni.

Jumamosi wageni walikuja. Mimi na Akwero tuliitwa kukaanga samaki uani, ndiyo sababu niliona yote. Sadiq alivalishwa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya kufuma, akasimamishwa kando ya bwawa kama pambo, Mswahili na samaki wa kwao. Meja alikuwa na furaha. Aliwaambia wageni kwamba wazungu wanasema samaki wa bahari hawezi kuishi ziwani, lakini yeye alitoa amri tu. Walifika asubuhi, na jioni walikuwa wameshakuwa samaki wa Uganda. Wageni wakacheka na kupiga makofi.

Mmoja wao hakucheka. Mzee mwembamba, Kiswahili chake cha pwani, safi. Aliinama akatazama maji kwa muda, akamtazama Sadiq, akauliza kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia: samaki hawa walichukua siku ngapi kuzoea?

Mafuta yalikuwa yanachemka mbele yangu na sikuona tena ninachokaanga. Nilimjua ndugu yangu. Swali lile lilikuwa la kweli, la kwanza la kweli aliloulizwa na mtu yeyote tangu daktari aondoke. Nilimwona akivuta pumzi, kidole kikaanza kunyanyuka. Meja naye akageuka kumtazama, bado anatabasamu. Sajini alifumba macho.

Kidole kikashuka.

"Siku hiyo hiyo," Sadiq akasema. "Walizoea siku hiyo hiyo."

Yule mzee alitikisa kichwa polepole. Meja akampiga Sadiq bega na kuagiza apewe soda. Nilimshukuru Mungu pale pale kwenye karai la mafuta, nikamshukuru tena njiani, na nyumbani nikaswali rakaa mbili nikilia. Nilikuwa nimemrudisha mzima.

Hakuna aliyekuja kumchukua. Aliendelea na kazi kituoni, akaosha matangi, akarudi saa kumi na moja, akala alichopewa. Wiki ya kwanza nilifurahia ule ukimya kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Mwezi wa pili nikaanza kumtazama. Shehe alikosea tena tarehe, kwenye hitima ya jirani, mimi mwenyewe nilijua amekosea, na Sadiq akaangalia mkeka. Madaftari yalikuwa kwenye mkoba uliotundikwa msumarini, na vumbi juu yake.

Jioni moja, tulikuwa wawili tu, nilimwekea sahani nikamwambia kwamba Akwero anasema samaki hawana damu. Akaendelea kumega ugali. Nikamwambia tena, kwamba nimesikia homoni ni wadudu fulani wanaoishi kwenye matope, nao ndio wanaowafanya samaki wawe na magamba. Nilisubiri. Nilimwomba Mungu ndugu yangu anyanyue kidole hicho, anitukane, aniite mjinga, anipe darasa mpaka chakula kiwe barafu.

"Ndiyo, dada," alisema, akaniomba maji ya kunawa.